Mdogo Wangu Alikonda, Mimi Nikanenepa

Jumamosi ile nilipunguza gauni la harusi la mdogo wangu kwa mara ya nne.

Jioni ya siku hiyo hiyo nikafumua sketi yangu ya kazini nikaitanua. Nayo ilikuwa mara ya nne.

Tulikuwa tunaishi nyumba moja na kula sufuria moja, tena yeye ndiye aliyekuwa anaongeza sahani. Mimi nilikuwa nakula kama mtu aliyetoka kuugua. Lakini daftari langu la vipimo halina upendeleo. Kiuno chake kilikuwa kinashuka, changu kinapanda.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za watoto wake alitutazama, akatabasamu. "Kwani nyinyi mmeamua kupokezana?"

Tukacheka wote watatu. Ningejua nilichokuwa nakicheka, ningefunga duka siku ile ile.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa miaka saba, na sina mtoto. Nalisema mapema ili tusizungushane.

Mume wangu anaoka mikate. Ni mtu wa maneno machache, anarudi nyumbani akinukia hamira, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza kwa nini sizai. Wengine waliuliza kwa niaba yake.

Mwaka wa pili wa ndoa mwili ulianza kunifanyia vituko. Nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka kama niliyebeba mawe. Hedhi inakuja inapojisikia.

Na kilo. Sitini na mbili zikawa sabini na tisa, na sikuongeza hata kijiko.

Mama mkwe alikuja siku moja, akanitazama tumbo kabla ya uso. "Ya miezi mingapi?"

"Hamna kitu, mama."

"Aaa. Basi ni chakula."

Nilimwandalia chai, nikaingia chumbani nikauma mto.

Daktari aliyegundua tatizo langu ni mama mmoja mfupi, asiyependa kupoteza muda. Alinipima damu, akaniita, akagusa shingo yake kunionyesha mahali. "Tezi yako ya hapa imezembea. Homoni inayotoa haitoshi. Ndiyo maana unanenepa, unachoka, na mimba haishiki."

"Inatibika?"

"Inatulizwa. Kidonge kimoja kila alfajiri, tumbo tupu, kwa maji. Kila siku, maisha yako yote."

Mtu mwingine angelia. Mimi nilitoka pale nimefurahi, maana kumbe sikuwa mlafi wala mvivu, nilikuwa mgonjwa.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalipunguza.

Mtu wa kwanza kuiona chupa ya dawa alikuwa wifi yangu. "Za nini hizi?"

Niliona yote kwa mara moja. Nikisema tezi, ataniuliza tezi inafanya nini. Nikimweleza, jioni mama mkwe atajua, na kesho ukoo mzima utakuwa umekaa kikao juu ya kizazi changu.

Nikasema, "Za kupunguza mwili."

Akacheka, yakaisha. Nikaona ni rahisi hivyo, basi nikawaambia wote vile vile. Nikamwambia mama yangu. Nikamwambia mdogo wangu. Kuchekwa kwa unene nilikuwa nimeshazoea. Kuitwa tasa sikuwa tayari.

Mume wangu peke yake ndiye aliyejua ukweli. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alinipa kidonge na glasi ya maji, kwa sababu mimi king'ora cha simu hakiniamshi hata kikilia mpaka kikakata tamaa.

Mwaka mmoja na nusu hivi, dawa ikafanya kazi yake. Kilo tisa zilishuka. Hedhi ikarudi kwenye tarehe zake. Daktari akasoma majibu ya damu, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Sasa jaribuni," akasema. "Ukikosa siku zako tu, njoo hapa haraka. Mtoto mwanzoni anategemea homoni yako wewe, hana yake."

Ndipo mdogo wangu akahamia kwetu.

Tangu utotoni tunamwita Pipi, na sababu ni hizo pipi zenyewe. Alikuwa bonge la binti, mcheshi, mtu wa kuimba huku anapiga pasi. Alikuwa amechumbiwa, harusi miezi saba mbele. Akaja kunisaidia dukani, na mimi nimshonee gauni.

Siku ya kutambulishana, dada wa mchumba wake alimtazama juu mpaka chini, akasema mbele za watu, "Hilo gauni si litamaliza robota zima la kitambaa?"

Pipi alicheka kuliko wote. Tulipofika nyumbani alilia mpaka akapata kwikwi.

Wiki iliyofuata mume wangu akabadilishiwa zamu, akawa anatakiwa kuwahi zaidi. Pipi akamwambia, "Shemeji, wewe nenda zako. Mimi ni mtu wa kuamka mapema. Dada nitampa mimi."

Tulimshukuru. Mume wangu alimwonyesha mpaka glasi.

Asubuhi ya kwanza alikuja na kidonge kwenye kiganja. "Fungua mdomo, bonge wangu." Nikameza macho yamefumba, nikarudi kulala. Ikawa hivyo kila siku.

Mwezi uliofuata nikakosa siku zangu.

Nilipima mara tatu kwa vipimo vitatu tofauti, kama mtu anayehakikisha gesi imezimwa. Mistari miwili, mara zote tatu. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakawa yanatikisika. Miaka saba sikuwa nimemwona akilia.

Tukakubaliana tusimwambie mtu yeyote mpaka miezi mitatu ipite. Hata Pipi.

Nilikimbilia kwa daktari. Mimba akaithibitisha. Kisha akatazama majibu ya damu na sura ikabadilika.

"Unaruka dozi?"

"Siruki hata siku moja."

"Hii damu inasema unaruka."

"Daktari, nameza kila alfajiri. Nina shahidi."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau daftari, akaniandikia dawa yenye nguvu zaidi. Niliipeleka nyumbani, nikamkabidhi Pipi. "Wamenibadilishia. Hizi ni kali kidogo."

"Sawa, dada," akasema.

Wiki ya kumi nilikuwa dukani nakata kitambaa cha suti. Mkasi ulikuwa katikati ya mguu wa suruali nilipohisi. Wanawake mliopitia mnajua, na msiopitia sitawaeleza.

Nilimwambia Pipi tumbo la hedhi limenishika vibaya. Akanichemshia maji, akanitilia kwenye chupa nijikande. Nikamwachia duka, nikaenda hospitali peke yangu. Mume wangu alinikuta kule, unga bado umemganda mikononi.

Nilishinda kitandani siku tatu. Waliouliza waliambiwa nina mafua.

Daktari akapima tena. Damu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Hakunigombeza safari hii, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Akaongeza dozi mara ya pili.

Na mimi nikaendelea kuvimba. Baridi ikarudi. Sauti ikakwaruza mpaka wateja kwenye simu wakawa wananiita baba. Nilisahau vipimo, nikashona mkono wa kushoto mara mbili kwenye shati moja. Nilichukia kioo, nilichukia mzani, na nilichukia mimba za wateja walioleta magauni yatanuliwe.

Pipi naye akawa anapukutika. Watu wakamsifu, wakamuuliza siri. Mchumba wake akajaa kiburi kama vile yeye ndiye aliyejinyima kula. Sikuzingatia kwamba mikono yake ilitetemeka mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Sikuzingatia jasho, wala kwamba alikuwa haamki tena mapema kwa sababu alikuwa halali kabisa. Nilijiambia ni harusi tu.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nilimvisha gauni kwa mara ya tano. Nikazungusha futi ya kupimia kifuani kwake, na chini ya futi nikausikia moyo. Ulikuwa unakimbia mno, tena bila mpangilio.

"Pipi, ulikuwa unakimbia?"

"Niko sawa, dada. Maliza tu."

Akaanguka juu ya meza ya kukatia, na gauni likiwa mwilini.

Hospitali walimwekea waya na sindano. Daktari wa zamu akaniita pembeni. "Mapigo yalikuwa mia moja sabini. Anasema anatumia vidonge vya kupunguza mwili. Anasema ni vyako."

"Mimi sina vidonge vya kupunguza mwili," nikamjibu kwa ukali, kama aliyenitukana.

Kisha nikakisikia nilichosema. Nikatafuta benchi, nikakaa.

Alipopata nafuu nilisogeza kiti kitandani kwake. Uso ulikuwa umebaki macho matupu.

"Tangu lini, Pipi?"

"Tangu nilipoanza kukupa asubuhi."

"Na mimi ulikuwa unanipa nini?"

"Vitamini. Vidogo vyeupe, vinafanana." Akaanza kulia. "Sikutaka ukose kitu kabisa."

Akaendelea mwenyewe.

"Dada, ulisema ni za kupunguza mwili. Nikaona wewe huna haraka. Wewe una mtu anayekupenda hivyo hivyo ulivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nachekwa."

Nilitaka kumzaba kofi. Nasema ukweli, mkono uliwasha. Lakini kila nilipotafuta mahali pa kuanzia kumlaumu, nilikuta sauti yangu mwenyewe ikimwambia wifi kile nilichomwambia. Mtoto wa watu aliiba kitu cha urembo. Hakujua kwamba ni maisha. Nani angemwambia?

Nilimweleza kuhusu tezi. Nilimweleza kwamba ni dawa ya ugonjwa, na kwamba dozi zilizokuwa zikiongezwa kwa ajili yangu zilikuwa zinaingia mwilini mwake, mwili ambao tezi yake ni nzima. Alishika mdomo.

Kuhusu mimba sikumwambia.

Nilimuuliza daktari wangu kama mimba iliharibika kwa kukosa dawa. Alisoma faili langu upya, ukurasa kwa ukurasa, yeye asiyependa kupoteza muda. "Mimba huharibika kwa sababu nyingi. Siwezi kukuambia ni hilo." Nikasubiri amalizie kwamba siyo hilo. Hakumalizia.

Mume wangu nilimwambia usiku huo huo. Nilidhani atamfukuza. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyemwonyesha glasi." Harusini alikaa meza ya nyuma, akapiga makofi mahali pa kupiga makofi, na mpaka leo akisalimiwa na Pipi anaitikia huku anatazama pengine.

Mwezi mmoja baadaye nilimkalisha mama mkwe, nikamweleza ugonjwa wangu kwa jina lake, na unavyozuia mimba. Miaka mingapi nilikuwa nimezikimbia zile dakika kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Mimi nilidhani unakula." Akabeba vikombe akaenda kuosha.

Basi. Ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Sasa hivi nameza dawa mwenyewe. Damu imerudi vizuri. Kilo sita zimeshuka, na mimba bado. Sijui kama itakuja tena, na siku nyingine siwezi hata kutamani.

Ninachotaka mkichukue hapa ni kimoja. Ukiwa unaumwa, taja unachoumwa. Waambie unaokula nao, unaolala nao, wanaokupa maji asubuhi. Dawa yako iitwe kwa kazi yake. Wakikucheka, wacheke wakijua.

Ningeishia hapo, mngenipongeza kwa hekima. Lakini jana Pipi alikuja dukani. Ana mimba ya miezi mitatu. Alikaa kwenye kiti chake kile cha zamani, akatoa kadi ya kliniki.

"Dada, nesi ameuliza kama kwetu kuna mwanamke aliyewahi kuharibikiwa mimba. Mama amesema yeye hapana. Wewe je?"

Cherehani ilikuwa inaenda. Sikuondoa mguu.

"Hapana," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaandika. Alinibusu shavuni, akaondoka anaimba.

Kwa hiyo somo nililowapa hapo juu ni la kweli, ila aliyelitoa bado hajafaulu. Najua baadhi yenu mnamjua Pipi, maana hadithi hii haina mafumbo. Kliniki yake inayofuata ni Jumatatu, na lile jibu kwenye kadi ni la uongo.

Tafadhali msimpelekee haya. Nipeni mpaka Jumatatu.