Asubuhi Redio Iliponyamaza

Juzi nilipeleka parachichi sokoni Runyenjes kwa boda boda, na redio ya pikipiki ilikuwa wazi. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mtangazaji alikuwa akimwuliza mama mmoja kwa simu mambo yake ya kitandani na mumewe, na wote wawili wakicheka. Tulikuwa tumembeba msichana wa shule. Niliangalia barabara tu, nikamkumbuka nyanya.

Wewe uliyekulia huku kwetu unazijua jikoni za asubuhi. Moshi, nduma zikitokota, chai ya maziwa iliyochemka hadi ikawa nyekundu, na redio ya betri ikizungumza Kiembu juu ya rafu ya vikombe. Tulikula hapo sote kabla ya kwenda kuchuma majani chai: nyanya, baba, mama na sisi watoto. Baba alikuwa mwanawe nyanya, na mama mkaza mwana wake. Watu kama hao, kwa desturi yetu, hawasikii maneno ya chumbani wakiwa wameketi pamoja. Mmoja lazima atoke.

Lakini kuizima redio hatukuweza, kwa sababu katikati ya uchafu ule ndipo walipotangaza vifo. Hivyo ndivyo ukoo ulivyopata habari, kutoka huku juu kwenye chai hadi kule chini Mbeere kwenye joto. Nyanya alikuwa na njia yake. Vicheko vikianza, alipunguza sauti ikabaki kama nyuki ndani ya chupa. Tulitafuna polepole. Ukisikika wimbo wa kanisa, ule wa matangazo ya vifo, aliiongeza, nasi tukasikiza majina. Jina lisipotajwa, tulijua mtu yuko hai.

"Wafu hawajamkosea mtu hata watangazwe katikati ya uchafu," alisema baba akinung'unika.

Siku moja baada ya ibada, mzee wa kanisa aliuliza nani anataka serikali iambiwe juu ya uchafu wa redio. Nyanya alisimama wa kwanza.

"Nataka redio ninayoweza kusikiza na mkaza mwanangu bila mmoja wetu kukimbilia kuni," alisema. Watu walicheka, wakapiga makofi.

Walalamikaji walikuwa wengi, si kwetu tu. Asubuhi moja tukafungua redio tukakuta mvumo mtupu. Serikali ilikuwa imeifunga stesheni kwa sababu ya maneno machafu. Nyanya alimimina chai akiimba, na hakuna aliyetoka jikoni hadi vikombe vikaisha.

Siku hizo dada yake nyanya, aliyeolewa Mbeere, alikuwa mgonjwa. Baba alikuwa amepoteza simu, lakini hatukuwa na wasiwasi. Hatukuwa tumesikia jina lake.

Kisha akapita mchuuzi wa mbuzi kutoka kule.

"Pole na msiba, nyanya."

"Msiba wa nani?"

Alishika kofia yake. "Nilidhani ulikuwa mgonjwa, ndiyo maana hukuonekana mazishini."

Nilishuka na nyanya hadi Mbeere. Binti za marehemu walitupokea na maji ya kunywa, lakini hawakuketi.

"Tulimpa wakala wa redio tangazo pale sokoni, kama kawaida," alisema mkubwa. "Akasema stesheni itarudi jioni. Mama alikuulizia hadi mwisho. Tukakungoja, jeneza likiwa juani."

"Si ni nyinyi watu wa chai mlioomba ifungwe?" akasema mdogo. "Sasa mmestarehe."

Nyanya alikwenda kaburini. Alichukua konzi ya mchanga mkavu, akautupa juu ya kaburi lililokwisha kutitia. Upepo ulipeperusha nusu yake.

Stesheni ilirudi hewani ikiahidi kwamba mambo ya watu wazima yatangoja watoto walale. Ilingoja kidogo, kisha ikawa ileile, asubuhi ileile. Nyanya hakupunguza sauti tena. Vicheko vilijaa jikoni naye ameketi tu, mkono juu ya goti, akingoja majina. Baba alianza kunywa chai kwenye zizi la ng'ombe. Mama alikula amesimama nje. Sisi watoto tulibaki, tukisikia yote.

Nyanya alishakufa, na jikoni ile tuliibomoa. Watu bado wanalalamika, serikali bado inaonya, stesheni bado zinaahidi. Kwetu kila mtu ana simu yake na nyaya zake masikioni, baba upande wake, mama upande wake. Hakuna anayelazimika kutoka siku hizi, kwa sababu hatuketi pamoja.