Mtu wa Kukaa Tu

Kwetu, mtu asiyetoka langoni asubuhi na jembe, kikapu au begi husemwa kuwa anakaa tu. Shule ya binafsi niliyokuwa nafundisha ilipofungwa, nilirudi nyumbani, karibu na Mogogosiek, nikiwa na laptopu ya mitumba, na habari yangu yote ikamalizwa kwa maneno hayo mawili. Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyependa kuyasema. Aliyasema mbele yangu, kana kwamba kukaa kumeniziba masikio.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kwa mtandao. Cheka, wengi wamecheka. Mkipsigis, ambaye lugha yake haina b, kufundisha Kiswahili! Nilipokuwa msichana niliandika insha juu ya bibi yangu, nikamwita pipi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwalimu akaisoma kwa sauti darasa zima likilia kwa kucheka. Baada ya hapo nilijifunza b, d na g moja moja, mbele ya kioo. Aliyezaliwa Mombasa hutamka b bila kujua midomo yake imefanya nini. Mimi najua imefanya nini, na ndiyo sababu wageni hunielewa ninapowaonyesha. Sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Ofisi yangu yote iliingia kwenye kikapu cha kuchumia chai, kile cha plastiki cha kubeba mgongoni: laptopu, hedifoni, pawabanki, kipande cha plaiwudi cha kuweka magotini, na leso ya kufunikia. Asubuhi nilikibeba hadi ukingoni mwa shamba, mtandao unaposhika vizuri, nikasahihisha kazi za wanafunzi. Majirani waliopita waliniona na kikapu wakanisalimu kwa heshima, mpaka walipochungulia ndani.

Tabu ilikuwa alasiri. Alasiri yetu ni asubuhi ya wanafunzi wangu walio ng'ambo, kwa hiyo ndipo masomo yenyewe yalipokuwa, na alasiri ndipo mvua yetu hunyesha. Nyumba kubwa ina mabati na haina dari. Mvua ikianza, hata mtu mliyekaa naye kiti kimoja humsikii. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima mpole sana, aliniuliza kama naishi kando ya maporomoko ya maji. Nilijaribu kujifunika blanketi. Nilijaribu mkahawa mmoja mjini Kericho, lakini muziki wao ulikuwa mbaya kuliko mvua. Kisha mwanafunzi mwingine akalalamika, na kampuni ikaniandikia kwamba lalamiko moja zaidi na wanafunzi wangu watapewa mwalimu mwingine. Niliogopa. Kazi hiyo ikiondoka, nilijua ningebaki yule yule wanayemsema.

Ni mvua yenyewe iliyonionyesha njia. Ilinikuta nyuma ya nyumba nikikusanya nguo, nikakimbilia jiko la marehemu mama. Ni kibanda cha udongo chenye paa la nyasi. Ndugu yangu alimjengea mama jiko la mabati, mama akashukuru, akaendelea kupikia kwenye nyasi hadi alipofariki. Nilisimama mle na nguo mikononi, nikasikiliza. Huko nje mabati yalikuwa yakipiga kelele, na mle ndani ilikuwa kama mtu anapepeta wimbi chumba cha pili. Nilicheka peke yangu.

Kesho yake nilihamia. Kikapu nilikiweka pale mama alipokuwa akiweka kuni. Simu niliifunga juu kwenye fito ya paa, upande unaoelekea mlingoti wa mtandao, laptopu ikavuta mtandao kutoka hapo. Kiti kilikuwa kile cha mama, cha miguu mitatu. Masizi yalidondoka kwenye leso, si kwenye kibodi. Jioni, kazi ikiisha, niliwasha moto kidogo, kwa sababu nyasi zisizopata moshi huoza. Wanafunzi waliona kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kikining'inia nyuma yangu wakauliza ni nini, nasi tukapata somo zima juu ya maziwa.

Kisha ikaja habari ya koito. Binti wa ndugu yangu alikuwa anaposwa, na wazee wa upande wa kijana wangekuja kuzungumza mahari. Ndugu yangu alipima boma kwa macho ya wageni, macho yake yakakwama kwenye nyasi. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, lakini akikasirika huhamia Kiswahili, na hasira yake haijui b.

"Hii nyasi ni aipu," aliniambia. "Wageni wataona sisi tuko nyuma. Na wewe unakaa tu, si unaweza kaa mahali yoyote?"

Nilimwambia hapana. Aliniambia boma ni lake. Nilimwambia boma ni lake na jiko ni la mama. Jumamosi akaja na vijana wawili wenye panga na ngazi. Nilichukua kikapu changu, nikainama mlangoni, nikaingia, nikafungua laptopu na kuanza kazi.

"Bomoeni," niliwaambia. "Mimi nimekaa."

Vijana walitazamana, wakauliza kama kuna chai. Ndugu yangu hakunisemesha mpaka siku ya koito.

Siku hiyo nilikuwa na somo alasiri, na sikuliahirisha. Asubuhi nilipika na wenzangu, nikapakua, nikanawa mikono, nikaenda jikoni kwa mama kumfundisha yule yule aliyelalamika. Wazee walikuwa sebuleni wameshaanza. Ndipo ikashuka mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai. Mabati yalinguruma. Mwanafunzi wangu hakusikia kitu, aliendelea kuhangaika na ngeli zake.

Mlango ukafanya giza. Ni ndugu yangu, ameinama, maji yakimtiririka shingoni. Alisema wazee wamenyamaza, hakuna anayemsikia mwenzake, na wale wageni wameanza kuuliza saa ya kwenda. Aliangalia kiti, akaangalia kikapu.

"Wazee wanaomba ofisi," alisema.

Hakuwahi kuliita jiko hivyo. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

"Iko na mtu," nilimjibu. "Wangoje nimalize."

Nilidhani atafoka. Alirudi mvuani kuwaita. Wakaja, wakasimama chini ya ukingo wa paa na kofia zao, barafu ikirukaruka kwenye viatu, wakimsikiliza mwanafunzi wangu akirudia kitabu changu, vitabu vyangu, hadi akapatia. Akaniaga. Aliniambia leo ananisikia vizuri. Kampuni haikuniandikia tena juu ya kelele.

Nilifunga laptopu, nikairudisha kikapuni, nikasema karibuni. Waliingia mmoja mmoja wakiinama, maana mlango wa mama hautambui mkubwa. Mzee wa upande wa kijana alishika ukuta, akasikiliza juu, akasema nyumba hii inasikia. Walikaa kwenye magunia na ndoo zilizopinduliwa. Ndugu yangu aliangaza huku na huku akitafuta kiti, na kiti kilikuwa kimoja tu.

Sikukitoa. Binti alizungumziwa vizuri, na pale alipozungumziwa vibaya nilimsemea, kwa sababu mimi ni shangazi yake na pale palikuwa kazini kwangu. Mvua iliendelea hadi jioni. Mimi nilikaa tu.