Kibao Kilichovikwa Kitambaa

Nilikikuta kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi ya ndugu yangu. Kilikuwa kimeoshwa kikang'aa, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye pindo la buluu, seti moja na vile vilivyotandazwa kwenye makochi. Kibao cha plastiki cha kunyoosha mkono, kilichotakiwa kufungwa kwenye mkono wa kulia wa mama yangu mchana na usiku, kilikuwa kinatunzwa kama sahani ya Krismasi. Nilisimama pale sebuleni mkoba ukiwa bado begani, hasira imenipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Hiyo ni kitu ya hospitali," mama alisema, akishangaa kwamba mimi nashangaa. "Ingechafuka."

Alikuwa ameungua akikaanga mandazi nyumbani kwake, huko juu ya Karatina. Sufuria ya mafuta iliteleza mafigani, naye akaidaka kwa mkono mtupu. Nani hudaka sufuria ya mafuta? Mama yangu, kwa sababu mafuta yalikuwa mapya. Kiganja na vidole vyote viliungua upande wa ndani. Alilazwa Nyeri mjini, kidonda kikaanza kufunga vizuri, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kibao chake.

Kiganja hicho ndicho kazi yake. Mama husuka vyondo, vikapu vya kamba, na uzi wa katani husokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja na kiganja kilichonyooka wazi kabisa. Kiganja kikikunjika hakuna uzi, na pasipo uzi hakuna kiondo. Alikuwa ameacha kimoja nusu, kinaning'inia msumarini jikoni, cha binti yangu, mjukuu wake wa kwanza. Siku zote za wodini hakuuliza habari ya maumivu. Aliuliza kama atakimaliza.

Aliyemjibu ni daktari wa mazoezi ya viungo, bwana mpole wa kutoka upande wa Kakamega. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akaushika ule mkono kama mtu aliyeshika yai.

"Mama, ngozi ikifunga usidhani kazi imeisha," alimwambia. "Ndani kuna seli zimeingia kutengeneza. Zinatoa nyuzi, halafu zinashika zile nyuzi na kuzivuta, ndiyo kidonda kiwe kidogo."

"Zinavuta mpaka wapi?"

"Hapo ndipo shida iko. Zinahisi vile nyuzi zimekaa, zinafuata. Zinakata za zamani, zinaweka zingine, miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Mkono ukikaa wazi, zinapanga nyuzi za kutosha mkono ulio wazi. Ukikaa umekunjwa, zinapanga fupi, na baadaye hata ukitaka kufungua, nyuzi zinakataa."

Mama alifikiri kidogo. "Kumbe ni wasusi."

"Wasusi, mama, lakini wale wa kukaza kila safu."

Mama alicheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeudhika vibaya. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Miaka kumi na saba nimechora seli ubaoni: duara, kiini katikati, utando, mishale, majina. Nje ya duara ni ubao mtupu, kana kwamba seli inaelea hewani haimjui mtu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza imeshikilia nini, nami sikuwahi kujiuliza. Kumbe haielei. Imeshika wavu wa nyuzi pande zote, inauvuta na kuvutwa, inaujenga na kuubomoa, na wavu nao unaiambia ifanye nini. Haya yote nayasikia kando ya kitanda cha mama, nikiwa na digrii kwenye fremu nyumbani. Niliona haya, na haya kwangu hugeuka hasira upesi.

Sasa kibao kiko kabatini, na mama amekaa kochini, mkono umefungwa mtandio, umejikunja humo kama ndege aliyelala. Niliufungua mtandio. Vidole vilikuwa vimeingia ndani. Nilipojaribu kuvinyoosha alikaza meno, na katikati ya kiganja ngozi ikainuka kamba nene zilizong'aa.

"Nani alikwambia utoe kibao?"

"Wageni."

Walikuwa wamekuja kina mama wa kanisa, na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja, na unga, na sukari, na nyimbo. Kisha wakaja wa kikundi cha chai. Kisha majirani wa ng'ambo ya mto, kisha wale waliokosa kuja na wenzao. Kwetu mgonjwa huonwa, na mgonjwa hupewa mkono. Huwezi kumpungia mtu mzima aliyepanda mlima na unga kichwani. Kila mgeni aliyeingia, mama alifungua kibao, akatoa ncha za vidole, akasalimiwa.

"Si ungewapa hapa?" nilisema, nikigusa kifundo cha mkono wangu. Ndivyo tunavyofanya sote tukikutwa tunafua au tunalima: unakunja ngumi, unatoa kifundo, mtu anakishika hapo.

Mama aliniangalia kama niliyemtukana. "Hiyo ni ya mtu mchafu. Mtu ametoka kuchimba viazi. Mimi mkono yangu iko safi."

Wacha niseme vile nilivyosema siku hiyo, sitajipamba. Nilisema kina mama wa kanisa wameua mkono wa mama yangu kwa salamu. Nilisema wangebaki na unga wao. Nikachukua kile kitambaa cha kufuma nikakitupa kochini, nikasema hata kibao kimevikwa nguo na mkono wenyewe umeachwa. Mama aliniacha nimalize.

"Na huu mtandio?" niliuliza. "Nani alikwambia uufunge mkono hivi?"

"Ni wewe."

Niliangalia mtandio. Ulikuwa wa kijani, wenye shimo dogo la moto wa pasi pembeni. Ulikuwa wangu.

Basi nikakumbuka. Ilikuwa siku ya kwanza nyumbani, baada ya kutoka hospitali. Mikanda ya kibao ilikuwa inamvuta, mama akalia, na mama yangu halii. Sikuweza kuvumilia. Nilikifungua kile kibao kwa mikono yangu, nikalaza mkono wake juu ya mto, nikauzungushia mtandio kutoka shingoni mwangu. Nikamwambia, "Pumzisha mkono, mama. Kibao kikivuta, toa, funga mtandio. Usiusumbue." Kisha nikarudi Nyeri kusahihisha mitihani, wiki nyingi, nikipiga simu kila jioni kuuliza kama amepumzika. Yeye ananijibu ndiyo, amepumzika.

"Mwalimu akisema, mimi nitakataa niseme nini?" mama alisema. Hakusema kwa ubaya.

Jumatatu nilimpeleka kwa yule daktari. Alikunjua vidole kimoja kimoja, akapima, akaandika. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema wengi hurudi hivyo, kwa sababu kila mtu akiugua huku huambiwa apumzike. Nikamwonyesha karatasi ya maagizo tuliyopewa tulipotoka. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari midogo, kwa mwanamke anayesoma Biblia ya Kikuyu akiwa amevaa miwani ya marehemu mume wake. "Hii mlimwandikia nani?" nilimuuliza. Aliinama akaisoma yote, kisha akasema ni kweli. Nilikuwa na hamu ya ugomvi, naye akaninyima.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Jumamosi. Nampaka mafuta, navuta vidole polepole, nahesabu hadi thelathini, napumzika, naanza tena. Katikati ya wiki alijifanyia mwenyewe, akibonyeza mkono juu ya meza. Kibao kilirudi mkononi, na kitambaa cha kufuma kikarudi kwenye kochi. Miezi ilipita. Kidole gumba kilifunguka, na viwili vilivyofuata. Cha pete na cha mwisho vilikataa. Zile seli zilikuwa zimemaliza safu zao kwa kipimo tulichozipa, na kipimo nilikitoa mimi. Daktari alisema labda upasuaji, baadaye. Mama alisema labda, kwa sauti ya kufunga mazungumzo.

Shuleni sasa nikichora seli, najaza nyuzi pande zote mpaka ubao unachafuka. Mkuu wa idara aliniambia hiyo haitoki kwenye mtihani. Nikamwambia basi mtihani ndio una kasoro, na hatujasalimiana vizuri tangu siku hiyo.

Uzi wa kile kiondo nausokota mimi, pajani pangu, mama akinielekeza. Ni uzi mbaya, huku mnene, huku mwembamba, na hufumuka kabla hajafika mwisho wa safu. Mama huusokota upya kwa mkono wa kushoto.

Jumapili iliyopita kina mama wa kanisa walikuja tena, wale wale, na vitambaa vile vile. Nilikuwa jikoni, nimejiandaa kuwasema. Lakini mama alitangulia mlangoni. Alikunja ngumi ya mkono wa kulia, akawapa kifundo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyetoka kuchimba viazi. Mkono wenyewe alikuwa ameuosha kwa sabuni tangu asubuhi.