Titi la Pili la Remedios

Casilda aliletwa ikulu ya Madrid kutoka milima ya Pas akiwa msichana, aje kumnyonyesha bintimfalme, njia nzima ananyonyesha mtoto wa mbwa ili maziwa yasikauke. Mwanawe Nel alimwacha kwa bibi yake. Nel akaharisha, akafa. Ikulu walijua wakanyamaza, maana mnyonyeshaji akilia maziwa huharibika, na Bintimfalme Leocadia alikuwa hajaota hata jino. Casilda alijua siku aliporudi kwao na viatu vidogo vya ngozi. Majirani, Mungu awalipe, walimwacha avitoe na kuvionyesha kwanza, ndipo wakamwambia.

Hakuwa tena na mtu, akarudi kwa Leocadia. Huyo alipokua wakamwoza binamu yake, taji lisitoke nje ya nyumba. Damu ile ile juu ya damu ile ile: watoto wakazaliwa kama vifaranga walionyeshewa na mvua. Wawili walizikwa. Wa tatu aliponea kwenye titi la Remedios, msichana wa milima ile ile, aliyechaguliwa na Casilda mwenyewe.

Asubuhi moja mchuuzi wa jibini kutoka milimani kwao akaja mlango wa jikoni.

“Mtoto wa Remedios tumemzika Jumapili,” alimwambia Casilda. “Utamwambia wewe?”

Leocadia aliposikia, alimng'ang'ania mikono.

“Mama, nakuomba. Ukimwambia, wangu anakufa.”

“Na yeye je?”

“Yeye atazaa mwingine.”

Casilda alipanda ngazi kwa hasira. Atasema, liwalo na liwe. Lakini chumbani mwana wa mfalme alikuwa ananyonya kwa pupa, mashavu yameanza kupata rangi, maziwa yanamtiririka kidevuni. Kidevu kilikuwa cha Leocadia, kile alichokifuta yeye miaka ile yote. Alikipenda, na alijichukia kwa kukipenda.

“Bi Casilda!” Remedios aliita. “Mchuuzi kasemaje? Tonín wangu kaanza kukaa?”

“Kakaa. Mnene, hata hashikiki.”

“Aa, unanifurahisha tu wewe. Hebu niapie kwa mwanao.”

Casilda akaapa kwa Nel, macho makavu. Tena akaongeza kwamba Tonín ameota meno mawili, anamng'ata bibi yake vidole.

Remedios akacheka mpaka mabega yakatikisika, akamhamishia mwana wa mfalme titi la pili.