Kuni za Lori

Mume wangu alihama chama siku ya soko, jukwaani, mbele ya mkuu wa wilaya. Aliivua beji ya upinzani, akabandikwa ya chama tawala, watu wakapiga makofi ya uvivu. Nilikuwa nimeketi nyuma na mimba kubwa, nikitazama viatu vyangu. Hasira ilinipanda, lakini mjamzito akinuna watu husema ni mimba tu.

Tulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, na nyumbani kwetu ni kijijini, Tetu. Alipokuwa upinzani, leseni ya duka ilikwama kila mara. Alipohama ikatoka upesi, na haukupita muda tukapewa tenda ya mabati ya shule za tarafa nzima. Aliapa kwamba bei yake ndiyo iliyokuwa nafuu. Huenda ni kweli. Lakini kijijini nani angeamini? Hata mimi niliyelala kando yake sikuamini sawasawa.

Watu hawakututukana. Nilipofika mahali pa kupeleka maziwa waliyakata mazungumzo yao, wakaanza kuzungumzia mvua.

Nikajifungua mtoto wa kike. Kwetu mama akijifungua, wanawake wa kijiji humletea matega: mizigo ya kuni, ndizi, vibuyu vya uji. Kuni huzikata wenyewe na kuzibeba wenyewe mgongoni. Mimi nilikuwa nimembebea kila mmoja wao, hata kwenye matope ya masika, nikateguka mguu. Sasa zamu ilikuwa yangu, na nilijua wasipokuja watakuwa wamenitenga nao. Siku zikapita, kimya. Nililia nikimnyonyesha mtoto, na sioni haya kusema.

Mume wangu aliyaona machozi, akafanya alichojua kufanya. Alituma lori la duka likaleta kuni zilizopasuliwa vizuri, likazimwaga uani mpaka zikafika dirishani. Alifurahi kweli. Nilimsihi aziondoe kabla mtu hajaziona, akanijibu kwamba kuni ni kuni.

Kesho yake wakaja. Kumbe walikuwa wakibishana wao kwa wao, na wenye huruma walikuwa wameshinda. Niliwaona wakipanda mteremko kwa safu, wameinama, kamba za mizigo zimewakaza kwenye paji la uso. Nilifurahi hadi nikasahau kuvaa viatu. Nikatoka mbio na mtoto nimemfunika shali.

Walipofika langoni wakasimama. Mkubwa wao, jirani aliyenishika mkono nilipokuwa nikimzaa mtoto wangu wa kwanza, aliliangalia lile lundo kwa muda.

"Kumbe uko na kuni mingi hivi, mama," akasema kwa upole. "Ati sisi tulikuwa tunafikiri uko peke yako."

Nikamwambia si mimi niliyeziagiza. Nikawaomba waingie, chai ilikuwa tayari. Akatikisa kichwa, akaiweka kamba yake sawa, akageuka, na wenzake wakamfuata na mizigo yao migongoni.

Kwetu mwenye kuleta matega humwuliza mzazi ni nani amekuja, yaani mtoto ni nani, naye mzazi, mtoto akiwa wa kike, hulitaja jina la nyanya ambalo mtoto amelirithi. Nilikuwa na jibu, jina la mama yangu. Nilisimama pale langoni na mtoto mpaka wa mwisho wao akapotea kwenye kona, na hakuna aliyeniuliza.