Ahadi ya Mwalimu Miraji

Mwalimu Miraji Uweso alisomesha Kurani pale Moa, pwani ya Tanga karibu na mpaka wa Kenya, miaka ishirini, na mtu wa kumwogopa hakuwepo ila watoto wavivu. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vilipopamba moto huko Kenya, wanaume wa kijiji walipewa magobole na serikali wawasake Wakikuyu waliojificha huku, wawapeleke mpakani. Mkuu wao alikuwa Harub, mwenye shamba la minazi.

Mateka wa kwanza waliyemkamata walimpiga hata akapoteza jicho. Ijumaa iliyofuata Mwalimu alipanda mimbari.

"Aliyeinua mikono ni amana," alisema. "Atakayempiga, siku akifa nisiitwe kumsalia."

Wakatazamana. Baada ya sala wakaapa mmoja mmoja, mkono juu ya msahafu, Harub naye.

Haukupita muda, wakamzingira Kristofa, Mkikuyu mkata mkonge, aliyejichimbia kwenye mikoko siku mbili. Mwalimu akaingia topeni hadi magotini, akaita:

"Kristofa! Toka mwanangu, hapana atakayekugusa."

"Waapa, Mwalimu?"

"Wallahi."

Akatoka. Hakuna aliyemgusa, Harub mwenyewe alimpa maji. Mwalimu alifurahi, akapanda nao lori hadi Horohoro, mpakani.

Pale kwenye kizuizi cha barabara askari wa upande wa Kenya walimpokea Kristofa kwa kitako cha bunduki tayani. Alipoanguka hakumtazama aliyempiga. Alimtazama Mwalimu.

"Huyu nimemwapia!" Mwalimu alipiga kelele.

"Umemwapia kwenu," askari mmoja akamjibu. "Basi rudi kwenu."

Njiani Harub alimwambia, "Sisi tumetimiza, Mwalimu." Alisema kweli, wala hakuwa na kejeli. Mwalimu alitamani angekuwa nayo, apate wa kumkasirikia.

Siku ya tatu akaja Anjela, mke wa Kristofa, kwa miguu kutoka kambi ya mkonge.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Mwalimu akamweleza yote, asifiche kitu.

"Mume wangu aogelea vizuri," Anjela akasema. "Maji yalikuwa yanajaa. Ungenyamaza, angekwenda zake."

Miezi miwili baadaye ikaja habari kwamba Kristofa amefia kizuizini.

Harub alipokuja tena kusema kuna mtu kaonekana kwenye mashamba ya mihogo, Mwalimu alikataa kutoka.

"Siiti mtu tena."

"Ukija wewe, vijana huzuia mikono yao."

"Nimesema siendi."

Wakaenda peke yao. Adhuhuri wakarudi wamembeba mtu juu ya kitanda cha kamba, kichwa kimepasuka, hana uhai. Wakamtua barazani kwa Mwalimu.

"Aliinua mikono?" Mwalimu akauliza.

Vijana wakatazama chini. Harub ndiye aliyejibu.

"Aliinua. Nilikwambia uje."

 Mwalimu aliinama, akaanza kumpangusa marehemu udongo usoni kwa ncha ya kanzu yake, na hakuna aliyejua hata jina lake.