Nina atrial fibrillation na natumia warfarin: asubuhi shemeji alipokataa kunipiga hijama

Wakuu, assalaam alaykum. Kwa ndugu zangu wa dini nyingine, amani iwe kwenu pia.

Mimi ni mzee wa Bigwa hapa Morogoro, mwalimu wa madrasa. Humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeamua kuandika, kwa sababu naona nyuzi za moyo zinajazwa majibu na watu ambao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha ugonjwa huo.

Nitakayoyasema yamenipata mimi mwenyewe. Mke wangu, Mama Zuhura, yuko hapa pembeni anachambua mchele, na nikitia chumvi ameahidi kunikatiza.

Ugonjwa ulianza nikiwa kwenye swala. Nilipoinuka kutoka kwenye rukuu nikahisi kifuani vurugu. Wanaojua dufu za maulidi watanielewa: wapigaji wakipotezana, mmoja anaharakisha, mwingine amechelewa, wa tatu anajipigia tu. Ndivyo moyo wangu ulivyokuwa. Swala ile niliimalizia nimekaa.

Hospitali wakanipima ECG, kile kipimo cha mapigo ya moyo, wakaniambia nina atrial fibrillation. Daktari alinieleza kwa upole. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi.

Nikapewa bisoprolol ya kutuliza mapigo, na warfarin ya kuzuia damu isigande.

Warfarin, wakuu, si dawa ya kumeza na kusahau. Unapimwa damu mara kwa mara, kipimo kinaitwa INR. Changu kinatakiwa kiwe kati ya mbili na tatu. Kikishuka, damu inaweza kuganda. Kikipanda, unaweza kuvuja damu kwa jambo dogo tu.

Niliupokea ugonjwa huu kwa shukrani, na sisemi hivyo kwa kujipamba. Kuna wenzangu waliojua wana tatizo hili siku waliyoamka mkono mmoja haunyanyuki. Mimi nilitangulizwa na taarifa. Alhamdulillah.

Muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. INR ilitulia, nikapanda hadi Mgeta kwa wakwe kwenye akika ya mtoto na nikarudi salama. Tatizo lilikuja Ramadhani ilipokaribia.

Msikiti wa mtaa wetu mimi ndiye ninayeswalisha tarawehe, ile swala ya usiku ya Ramadhani. Nimefanya kazi hiyo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nilitaka mwezi unikute na nguvu zote, nifunge na niswalishe kama kawaida. Na kila aliyenipenda akataka kunisaidia nifike huko.

Wa kwanza, mke wangu. Kliniki alisikia kwamba mboga za kijani hupunguza nguvu ya warfarin. Basi akazipiga marufuku nyumbani kwangu. Ndugu zake wa Mgeta humshushia kiroba cha mboga kila lori linapoteremka: spinachi, figiri, kabichi, majani ya maboga. Kiroba kikifika, kikawa kinagawiwa chote. Majirani walinawiri. Sisi tukabaki na maharage na dagaa.

Wa pili, binti yetu Zuhura. Yuko Dar, akatuma kwa basi makopo ya kapsuli za mafuta ya samaki, nikayafuata mwenyewe stendi ya Msamvu. Yameandikwa kwamba yanaimarisha moyo. Nani atakataa?

Wa tatu, shemeji yangu Hamza, mdogo wa mke wangu. Ana duka la dawa za sunna mjini. Akaniletea mafuta ya habasoda, na chupa ya asali iliyolowekwa kitunguu saumu na tangawizi. Vijiko asubuhi, vijiko jioni.

Wa nne nilikuwa mimi. Goti langu la kulia linauma, na tarawehe ni kusimama. Nikaenda duka la dawa nikanunua diclofenac, kama anavyonunua kila mzee mwenye goti.

Haya yote yaliingia ndani ya muda mfupi. Kliniki sikuwaambia. Sikuficha, wakuu. Mafuta ya sunna niliyaona ni jambo ambalo dini yangu imeshalimaliza, sikuona sababu ya kumpelekea daktari akalipime upya. Kidonge cha goti nacho nilikiona cha goti, hakihusiani na moyo.

(Mama Zuhura anasema niandike kwamba yeye aliuliza kuhusu kidonge cha goti. Ni kweli, aliuliza.)

Dalili zilikuja polepole. Mswaki wangu wa mti ukaanza kutoka na wekundu kabla ya swala. Nikaulaumu mti, nikakata mwingine laini. Ukatoka na wekundu vilevile. Mkononi zikaonekana alama za damu iliyovilia. Nikasema ni ndoo za maji.

Sasa, wazee wa mtaa wetu tuna desturi. Ndani ya Shaabani, kabla ya mfungo, tunafanya hijama, yaani kupigwa chuku. Tunakutana kibarazani kwa Hamza baada ya alfajiri, tunakaa kwenye mkeka, anatuita mmoja mmoja. Anachanja mgongo kidogo kwa wembe mpya, anabandika vikombe, damu inatoka. Ni asubuhi ya matani na kahawa. Kwetu ni kama kufagia nyumba kabla mgeni hajaingia.

Zamu yangu ikafika. Hamza akasema, "Shemeji, sogea. Uchovu wote tuuache huku Shaabani."

Mzee Kibwana, rafiki yangu tangu utoto, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akadakia, "Maalim ana damu? Mimi nilidhani ana wino mtupu."

Watu wakacheka. Nikavua kanzu.

Hamza akainama nyuma yangu. Kisha nikahisi kidole chake ubavuni. "Shemeji, nani kakupiga?"

"Anipige nani?"

"Huku nyuma umevilia kama zambarau."

Mzee Kibwana akasema, "Anaishi na dada yako, muulize dada yako." Wakacheka tena. Hamza peke yake hakucheka.

"Ile dawa yako ya hospitali," akaniuliza, "inafanya kazi gani hasa?"

"Ya moyo."

"Najua ya moyo. Inafanya nini?"

"Inazuia damu isigande."

Akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. "Vaa kanzu, shemeji."

Niwaambie ukweli, nilikasirika. Wazee wote wananitazama, mgongo uko wazi. Nikamwambia, "Hamza, nimeshatia nia."

"Nia yako imeshaandikwa, inshallah. Damu yako siigusi."

"Wembe wako umeanza kuogopa?"

"Wembe unamwogopa dada yangu. Nikikuchanja hapa damu isikate, nitamwambia nini?"

Nikavaa. Hamza akageukia mkeka mzima akauliza nani mwingine anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au kidonge chochote cha moyo. Nikamwona Mzee Kibwana, ambaye alikwisha kuvua, anaivaa kanzu yake taratibu. Kumbe naye ana aspirini ya kila siku. Matani yakaishia hapo.

Hamza akafunga shughuli. Akampigia simu dada yake: "Dada, tunakwenda kliniki na shemeji. Beba kila kitu anachotia mdomoni. Usichague, beba vyote."

Mama Zuhura akaja na kikapu cha sokoni kimejaa.

Daktari wa kliniki ni binti mdogo, umri wa kitindamimba wangu. "Shikamoo mzee." Marahaba. Akanipima. INR ilikuwa imepita tano.

Hakupiga kelele. Akatandaza vitu vya kikapu mezani, kopo kwa kopo. Hamza alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, kwa sababu chupa zake ndizo zilikuwa kubwa kuliko zote.

"Mzee, mbona hivi sikuvijua?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwamba mafuta ya sunna niliyaona dini imeshayamaliza.

Akasema, "Mimi sishindani na sunna, mzee wangu. Nataka tu kujua vinavyokutana ndani yako."

Neno lile lilinishusha. Mimi hufundisha watoto adabu ya kuuliza, na huyu binti alikuwa nayo.

Tulidhani atachukua chupa ya Hamza. Akachukua diclofenac. "Hiki ndicho kinachonitisha kuliko vyote. Hiki na warfarin havikai nyumba moja. Tumbo linaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila wewe kujua. Una choo cheusi? Kichwa kinauma?" Nikamjibu hapana, alhamdulillah.

Kisha akauliza kuhusu chakula. Mama Zuhura akajibu kwa fahari, "Mboga hagusi kabisa, daktari. Hata tembele."

"Tangu lini, mama?"

Akamtajia.

Daktari akaweka kalamu chini. "Dozi yake tuliipanga akiwa anakula mboga zako za Mgeta. Ulipoziondoa, dawa ileile ikawa kali kwake."

Mke wangu akashika mdomo. "Yaani mimi ndiye…"

"Hapana, mama. Wewe umemtunza. Sisi ndio hatukukueleza vizuri. Hatukutaka aache mboga, tulitaka asibadilishebadilishe."

Hamza akauliza kwa sauti ya chini, "Na yangu?"

"Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi mpikieni. Cha kwenye chupa, habasoda ya vijiko na hizi kapsuli vipumzike. Kila kimoja kinaweza kuongeza kidogo. Siwezi kusema kipi kimefanya kiasi gani, maana vimeingia kwa mpigo mmoja."

Akanisimamishia warfarin kwa muda mfupi, akanipa siku ya kurudi kupima, na kwa goti akaniandikia dawa nyingine kwa kipimo chake.

Nikauliza lile nililolihofia kuliko damu yenyewe. "Na Ramadhani?"

"Usifunge mpaka nikuambie."

Wakuu, aya za ruhusa ya mgonjwa nimezisomesha miaka yote. Nimewatuliza wagonjwa wengi waliolia kwa kutofunga, nikiwaambia kuwa ruhusa ya Mola ni zawadi na zawadi hairudishwi. Siku hiyo zawadi ililetwa mlangoni kwangu, nikaiona nzito.

Mwezi ulipoandama, nilikula mchana ndani, pazia limeshushwa. Mama Zuhura, naye amefunga, aliniwekea ugali na figiri, akaniambia, "Kula, Baba Zuhura. Leo ibada yako iko kwenye sahani." Nilikula. Sahani nikaimaliza.

Tarawehe aliswalisha kijana niliyemfundisha alifu hadi mwisho. Mimi nilikaa kwenye kiti, safu ya nyuma. Niliingia nikiwa na wivu, nisiwadanganye. Lakini alipofika kwenye aya ndefu nikasikia anavuta pumzi pale pale ninapovuta mimi. Nikatulia. Kumbe sauti yangu ilikuwa mbele, mwili tu ndio ulikuwa nyuma.

Nilirudi kupimwa, nikarudi tena. INR ikashuka taratibu hadi ikaingia mahali pake. Daktari akanipangia: bisoprolol kwenye daku, warfarin baada ya futari, maji ya kutosha katikati, na nikisikia kizunguzungu nifungue bila kubishana na nafsi yangu. Huo ni mpango wangu mimi. Wewe kamuulize daktari wako, usiuchukue kwenye uzi.

Nikafunga sehemu iliyobaki. Usiku wa kwanza wa kufunga kwangu, yule kijana alisogea pembeni mwa mihrabu akaninyooshea mkono nichukue nafasi. Sikumnyang'anya. Nilimwachia tarawehe, nikaswalisha witri tu, ile swala fupi ya kufungia usiku. Hadi Ramadhani ikaisha tuligawana hivyo, na nadhani tutaendelea hivyo. Siku nilizokula nimezilipa baada ya Idi, kidogo kidogo, kwa idhini ya kliniki.

Sasa nilichojifunza.

Tunafundishwa kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Nimeisomesha hadithi hiyo kwa swala, sadaka na Qurani. Sikuwahi kufikiri kwamba inahusu mchicha. Lakini warfarin inataka hilo hilo: mboga kiasi kilekile, kidonge saa ileile, kipimo kwa wakati wake. Usianze jambo kubwa ghafla, usiache jambo ghafla.

Na kikapu, jamani. Kila nikienda kliniki, kikapu kinakwenda na mimi kikiwa na kila kitu: cha hospitali, cha sunna, cha kutoka Dar, cha dukani. Ukiwa na babu au bibi anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kabla hujampelekea chupa ya upendo, uliza kwanza. Sisi wanne tulipendana, na upendo wote ukakutana kwenye damu moja.

Hamza bado anauza habasoda yake, na hijama anaendelea nayo. Ila siku hizi hakufungulii kifuniko mpaka umwambie dawa zako za hospitali. Wapo wateja wanaonuna. Mzee Kibwana hukaa pale dukani kunywa kahawa, na akimwona mteja ananuna humwambia, "Mjibu tu, ndugu yangu. Mimi alinivalisha kanzu mbele za watu."

Moyo wangu haujapona, wala sijaahidiwa. Dufu lile linapigwa humu ndani hata sasa ninapoandika, ila wapigaji wametulia kidogo. Namshukuru aliyeuumba.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Wenye atrial fibrillation mnaofunga, mmepangiwaje? Na wanaotumia zile dawa mpya ambazo hazihitaji INR, zinapatikana Morogoro, au mpaka Dar? Mwenye kunikosoa anikosoe, nasoma kila jibu.

Kiroba cha Mgeta kimeshushwa leo asubuhi. Mama Zuhura amemaliza mchele, ananiita tukachambue figiri.